Bastola ya .22 isiyozidi dola 400, ya kupigia makopo na kindi: nichukue ipi?

#1 Mzaramo_wa_Louisville
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa walioko Marekani wanaomiliki silaha kihalali. Mlioko nyumbani mnaruhusiwa kutania.

Niko Kentucky, grini kadi ninayo, kozi ya usalama wa uwindaji nimemaliza. Natafuta bastola moja ya kaliba .22 yenye kazi mbili: kupiga makopo wikendi, na msimu wa kindi ukifunguliwa Agosti niingie nayo msituni. Bajeti ni dola 400, nikijibana sana 450.

Kilichonileta ni hiki. Rafiki yangu ana rivolva ya bei chee, kampuni siitaji, kaipata chini ya dola 200. Tulikwenda nayo renji, uwanja wa kulenga shabaha, na mimi nikakodi bastola ya Ruger Mark IV pale pale. Yadi 15. Mark IV ilirundika risasi sehemu moja, unazifunika zote kwa kifuniko cha chupa ya maziwa. Rivolva ikapeleka chini kushoto, halafu zimetawanyika. Boksi la risasi ni lile lile, mikono ni ile ile. Muuzaji wa duka anasema rivolva ya bei hiyo haiui kindi, inamjeruhi tu. Rafiki yangu anasema mbovu ni mimi. Nani mkweli?

#2 Kibuyu_Kikavu
Huku Mbagala tunahesabu siku za maji kutoka, wenzetu wanakesha kujadili silaha ya kumuulia panya mwenye mkia mzuri. Naweka kigoda.

#3 Jemedari_Mstaafu
Kijana, kama unatumia mkono wa kulia na risasi zinakwenda chini kushoto, hilo jibu lake liliandikwa kabla hujazaliwa. Unaivuta triga kwa pupa. Unaona kilengeo kimekaa sawa, unasema "sasa!", kidole kinakurupuka na kiganja chote kinaminya. Mdomo wa bastola unainama sekunde hiyo hiyo.

Dawa ni mazoezi makavu. Silaha tupu, umekagua mara mbili, risasi ziko chumba kingine. Weka sarafu juu ya mtutu, vuta triga taratibu. Sarafu ikianguka, tatizo unalo wewe. JKT tulifundishwa hivyo kwa SMG na sioni kilichobadilika.

#4 Fundi_Mitutu
Jemedari nakuheshimu, lakini mazoezi makavu kwenye .22 yana masharti. Risasi ya .22 haina fataki katikati kama ya 9mm. Baruti ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo pini inagonga pembeni. Chumba kikiwa kitupu, kwenye silaha nyingi za zamani pini inapiga chuma cha ukingo wa chumba na kukitoboa kidogo kidogo, mwisho maganda hayatoki. Soma kitabu cha silaha yako kwanza. Huku watu wanachomeka zile plagi za plastiki za njano zinazowekwa ukutani kabla ya skrubu. Zinaingia kwenye chumba cha .22 kama zimetengenezwa kwa kazi hiyo, na mfuko wake ni bei ya soda.

Sasa kwa mleta uzi. Ingekuwa mkono wako tu, Mark IV nayo ingekwenda chini kushoto. Haikwenda. Rivolva za bei hiyo nyingi zina kilengeo kisichorekebishika: ubapa wa chuma mbele na mfereji uliochongwa juu ya fremu. Kiwandani wanauacha ubapa wa mbele ukiwa mrefu makusudi. Bastola ikipiga chini, unaupunguza kwa tupa, kidogo sana, unajaribu, unapunguza tena. Ubapa ukifupika, risasi zinapanda. Ukizidisha hakuna kurudisha, kwa hiyo tupa iwe laini na uwe na subira.

Kutawanyika ni suala jingine. Rivolva kama hiyo ina vyumba sita, na kila chumba lazima kisimame sawasawa na mtutu. Kimoja kikikengeuka nywele moja, risasi inaingia mtutuni ikiwa imekwaruzwa upande. Tia alama ya kalamu kwenye vyumba, piga kila chumba karatasi yake. Utashangaa, mara nyingi vinne vinapiga vizuri na viwili vinaharibu picha nzima.

#5 Nyuki_Dume
Fundi kasema ya vyumba, naafiki. Ya Mark IV kuutetea mkono siafiki. Ile Mark IV yenye mtutu mnene ina uzito wa kilo moja na zaidi. Uzito unaficha dhambi nyingi. Halafu rivolva ya mtindo wa kichunga ng'ombe nyundo yake ni kubwa na safari yake ni ndefu. Kuanzia triga inapoachia hadi nyundo ifike, mkono umeshapata muda wa kutikisika. Mpigaji huyo huyo, kosa hilo hilo, moja inalisamehe na nyingine inalitangaza.

#6 Jemedari_Mstaafu
#5 ndiyo nilichosema, umekipamba tu.

#7 Wanjiku_wa_Wichita
Niaje wadau. Nyote mmesahau risasi zenyewe. Mleta uzi, ulikuwa unatumia gani? Kama ni zile za debe, mia tatu na ushee zimemwagwa ndani ya boksi moja, basi umepima bahati.

.22 ina uchaguzi wa ajabu. Bastola mbili za kampuni moja, nambari zimefuatana, moja inapenda risasi hii na nyingine inaikataa. Mimi natumia CCI Standard Velocity, ya uzito wa greini 40. Kwenye boksi wameandika futi 1,070 kwa sekunde, yaani iko chini ya kasi ya sauti. Ile ya kasi kubwa ikitoka kwenye karabini huwa imepita kasi ya sauti, halafu njiani inashuka chini yake, na hapo inayumba. Kwenye mtutu mfupi wa bastola nyingi hazifiki huko, lakini bado ya taratibu inanipa kundi dogo la matundu kwenye karatasi. Nunua aina tano, boksi moja moja la risasi 50, upige zote siku moja kutoka kwenye mfuko wa mchanga. Bastola itajisemea yenyewe.

Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo haya yote nimejifunzia hapa Kansas kwa majirani. Babu yangu angeniona nalenga kuchakuro angenitolea laana.

#8 Papa_Mwenge
Bandugu, miye pia niko hapa Louisville. Mbona munachoka bure? Kindi iko juu ya muti, yadi makumi tatu, pistole itafanya nini? Kamata karabini ya .22, weka darubini, mambo inaisha. Pistole ni ya kucheza na makopo. Ile ya pori ni karabini.

#9 Mzaramo_wa_Louisville
Papa Mwenge, karabini ninayo, 10/22. Nataka bastola kwa sababu ni ngumu zaidi na inaniacha mikono huru nikipanda milima ya Daniel Boone, ule msitu wa taifa wa hapa Kentucky. Sitapiga kindi wa yadi 30. Nimejiwekea 20, akiwa mbali zaidi namwacha aende zake.

@Wanjiku ndiyo, ni za debe 😂

#10 Wanjiku_wa_Wichita
Nilijua tu.

#11 Nyuki_Dume
Turudi kwenye swali la kununua maana watu wameshageuza uzi kuwa chuo.

Kwa 400 una tatu za kweli: Ruger Mark IV (ile nyepesi ya 22/45 ndiyo inaingia kwenye bajeti bila vita), Smith & Wesson Victory, na Browning Buck Mark. Zote zinapiga vizuri kuliko sisi tunavyoweza kuzishika. Mimi nina Buck Mark, ilianza kutengenezwa 1985, na triga yake ikitoka dukani ni safi kama kijiti kikavu kinachovunjika. Kubali hili: kwa bastola, triga ndiyo nusu ya shabaha. Mtutu mrefu, mtutu mfupi, hayo yanakuja baadaye.

Ubaya wake ni kuifungua. Inabidi utoe skrubu za reli ya juu ambayo kilengeo cha nyuma kimekaa, na skrubu zikilegea msituni kundi lako linahama bila taarifa. Tembea na ufunguo wake mfukoni.

#12 Sungura_Mjanja
Taurus TX22 umeisahau. Haifiki 300, magazini inameza 16, nyepesi, inafanana na bastola za kawaida mkononi.

#13 Nyuki_Dume
Sikuisahau. Ni bastola nzuri ya makopo. Kwa kichwa cha kindi nataka mtutu na vilengeo visivyosogea, na hizo tatu ndivyo zilivyo. TX22 slaidi inakwenda na kilengeo chake.

#14 Sungura_Mjanja
Kichwa cha kindi ni kama inchi moja na nusu. Yadi 20. TX22 yangu inapiga hapo nikiegemea. Tuwekeane dau.

#15 Fundi_Mitutu
Historia kidogo kwa wanaoipenda. Hiyo Mark IV ni mjukuu wa bastola ya kwanza kabisa ya Ruger, iliyotoka 1949 kwa dola 37.50, kipindi ambacho Colt Woodsman ilikuwa ndiyo bastola ya .22 ya mwenye nacho. Umbo halijabadilika sana. Kilichobadilika ni kuifungua: Mark I hadi Mark III, kuzirudisha pamoja baada ya kusafisha kumewafanya watu wazima walie. Mark IV ya 2016 ina kitufe kimoja nyuma, unabonyeza, inakunjuka.

Ukinunua iliyotumika, angalia namba yake. Ruger wenyewe walitangaza Juni 2017 kuzirudisha Mark IV zilizotengenezwa kabla ya mwezi huo, kwa sababu ya sefti: ikiwa nusu nusu, si imefungwa wala haijafunguliwa, triga ikivutwa ingeweza kulipuka wakati wa kuiachia sefti. Nyingi zimesharekebishwa, ila hakikisha kwenye tovuti yao.

#16 Mwanachuo_Dallas
Wakubwa samahani kuingilia. Mimi niko na viza ya mwanafunzi, F-1, miaka 22. Rafiki yangu Mmarekani kasema aninunulie kisha nimpe hela. Inawezekana?

#17 Dada_wa_Dayton
USIFANYE HIVYO. Kwenye fomu 4473, ile ya kujaza dukani ukinunua silaha, swali la kwanza kwa mnunuzi ni kama yeye ndiye mnunuzi halisi. Akijibu ndiyo huku hela ni zako, huyo kafanya kosa la jinai la shirikisho, na wewe umeaga masomo.

Mwenye viza ya muda hawezi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa ana mojawapo ya sababu zilizotajwa kwenye sheria. Inayotumika sana ni leseni halali ya uwindaji ya jimbo lolote, ambayo haijaisha muda. Hata ukiwa nayo, ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kuingia dukani, kosa moja tu linafuata faili lako hadi uzeeni. Walioingia kama wakimbizi hawamo kwenye kundi la viza za muda, wenzangu wengi wa Kongo wanachanganya hilo.

Na nyongeza: bastola kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 21, sheria ya 1968. Huwezi kuvuka jimbo, ukainunua na kurudi nayo. Inatumwa kwa muuzaji wa jimboni kwako. Na anayevuta bangi, hata jimbo likiwa limeihalalisha, ile fomu inamuuliza na imemwandikia wazi kwamba kwa shirikisho bado ni haramu.

#18 Mwanachuo_Dallas
Asante dada. Nimeelewa. Naachana nayo, basi.

#19 Kibuyu_Kikavu
Dada wa Dayton kaokoa mtoto wa watu. Ila swali langu halijajibiwa: huyo kindi mnamla kweli?

#20 Mzaramo_wa_Louisville
Tunamla. Nyama yake iko karibu na sungura, ila ngumu kidogo. Chemsha kwanza na tangawizi, halafu nazi. Wenyeji hapa wanafanya mchuzi mzito na vipande vya unga. Kikomo Kentucky ni sita kwa siku, na sita ni chungu kimoja cha familia.

#21 Ustadh_wa_Kaskazini
Assalam alaykum. Kwa ndugu Waislamu: kwetu Sunni sungura hana utata, ni halali. Kindi wenye kufuata Shafi wengi wanamruhusu, ila muulize shekhe wako. Suala zito ni risasi. Vitabu vya zamani vinakataza kilichouawa kwa kugongwa na kitu kizito, kama tufe la udongo. Risasi ya kisasa inapenya na kutoa damu, kwa hiyo wanazuoni wengi wa sasa wanaijaalia hukumu ya mshale. Taja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua. Ukimkuta bado hai, mchinje.

#22 MtotoWaTanga
Ustadh, mimi nimesikia kinyume, kwamba mpaka umchinje ndiyo basi. Na .22 si inapenya kidogo tu?

#23 Ustadh_wa_Kaskazini
Kupenya ni kupenya. Lakini umesikia sawa pia, khitilafu ipo. Mimi huchukua kisu.

#24 Dada_wa_Dayton
Kabla hamjaenda mbali: hakuna aliyezungumzia risasi inakoishia. .22 wanaiita ya watoto lakini inasafiri zaidi ya kilomita moja na nusu ikipigwa juu. Kindi anakaa juu. Ukimpiga akiwa kwenye tawi jembamba na nyuma yake ni anga, hujui umempelekea nani. Subiri ashikamane na shina, risasi iishie kwenye mti. Mzaramo, hili ndilo la kupima kabla ya triga na mitutu yenu. Bunduki ya marisau inasamehe, risasi moja haisamehi.

Makopo vilevile. Kwenye misitu ya taifa hairuhusiwi kupiga ndani ya yadi 150 kutoka kwenye nyumba, kambi au mahali pa mapumziko, wala kuvuka barabara au maji. Kopo likae mbele ya kichuguu cha udongo. Jiwe linairudisha .22 kwako. Chupa za kioo msiguse, na maganda okoteni.

#25 Papa_Mwenge
Mama amesema kweli. Hapa kwetu mutu moja alipiga bidon ya maji ya plastiki pembeni ya jiwe, risasi ikarudia gari yake.

#26 MtotoWaTanga
😂😂 gari yake mwenyewe?

#27 Papa_Mwenge
Pare-brise, ile kioo ya mbele. Bibi yake hakusema naye juma nzima.

#28 Babu_wa_Sacramento
Niongeze kwa wa California: tangu Julai 2019 risasi za madini ya risasi haziruhusiwi kabisa kwenye uwindaji, hata wa sungura. .22 zisizo na madini hayo zipo, ila bei imesimama na kwenye bastola yangu zinatawanya vibaya. Kwa hiyo makopo napiga na hizi, sungura na zile, na kilengeo kinabidi kirekebishwe kila mara. Wa Kentucky mshukuru Mungu.

Jambo la pili, umri. Mleta uzi una miaka mingapi? Ukipita 45 jicho linahangaika zaidi kuona kilengeo cha mbele na kindi kwa wakati mmoja, kimoja lazima kiwe ukungu. Nimefunga kile cha nukta nyekundu juu ya Buck Mark. Unaiweka nukta juu ya kitu, unapiga. Rivolva ya rafiki yako pengine haina kosa lolote ila ule mfereji mweusi juu ya chuma cheusi chini ya taa za renji.

#29 Mzaramo_wa_Louisville
Babu nina 48, umenigusa.

Mrejesho wakuu. Nimerudi renji na rivolva ile. Nimeweka mfuko wa mchanga, nikapaka ubapa wa mbele rangi nyeupe ya kucha, nikabadilisha risasi kama alivyosema Wanjiku. Kushoto kumeondoka kabisa. Chini kumebaki, kama inchi mbili kwa yadi 15. Nilitia alama vyumba: viwili kweli vinapiga pembeni, vinne vimekaa pamoja. Rafiki yangu naye kapiga, yake pia chini.

#30 Jemedari_Mstaafu
Kushoto kumeondoka ulipoegemea. Nani alisema ni mkono?

#31 Fundi_Mitutu
Na chini kumebaki kwa watu wawili tofauti. Nani alisema ni ubapa wa mbele? Na vyumba viwili?

#32 Wanjiku_wa_Wichita
Amebadilisha risasi, rangi na mfuko siku moja, halafu kila mtu anajipigia makofi. Badilisha kitu kimoja kimoja! Na kuhusu chini, jaribu tena ile ya debe ukiwa umeegemea. Kwenye bastola risasi ya kasi inatoka mtutuni kabla mdomo haujainuka sana, kwa hiyo inapiga chini kuliko ya taratibu. Tofauti kwa .22 ni ndogo lakini ipo.

#33 Babu_wa_Sacramento
Mbona hamtaji rangi ya kucha?

#34 Nyuki_Dume
Rivolva si yake, jamani! Mzaramo, unanunua ipi?

#35 Mzaramo_wa_Louisville
Nimeshika Victory na Buck Mark dukani leo. Triga ya Buck Mark ni kama ulivyosema. Victory kipini kimenijaa mkono vizuri zaidi, na kubadilisha mtutu ni skrubu moja. Mark IV 22/45 wamemaliza, wanasema wiki ijayo. Nangoja niipige hiyo nyepesi kwanza, maana niliyokodi ilikuwa ile nzito, na hoja ya Nyuki ya uzito sijaipatia jibu.

#36 Sungura_Mjanja
TX22 ipo dukani kwao?

#37 Mzaramo_wa_Louisville
Ipo. 269.

#38 Sungura_Mjanja
Dola 130 zinabaki, hizo ni risasi za mwaka. Nimemaliza.

#39 Nyuki_Dume
Dau letu bado lipo mzee. Yadi 20, kuegemea ruksa, karatasi zipigwe picha.

#40 Msimamizi
Kuna mtu kaweka tangazo la kuuza Mark III yake hapa, nimelifuta. Mauzo ya silaha hayaruhusiwi kwenye jukwaa hili, hata kama ni kwa jirani. Dau la picha endeleeni nalo, ila fungueni uzi wake.